Meno Arobaini na Saba

Matairi yale niliyaona mimi kwanza. Ningependa kusema aliyaona tajiri wangu, lakini sivyo. Vita vilikuwa vimekwisha, jeshi linauza vitu vyake Dar es Salaam, nami nilikwenda mnadani kutafuta betri tu. Nikayakuta yamelazwa kwenye majani, mapana, marefu kufika kifuani mwangu, na mpira wake umechomoza vipande vipande kama ngumi. Nilikuwa nimeendesha magari yenye matairi ya namna ile jeshini, na nilijua yanavyopita mahali ambapo gari jingine linazama. Niliporudi Kisarawe nikamwambia tajiri, "Bwana, tukiyapata yale, mchanga wa Mzenga hautatusumbua tena, wala tope la Dutumi."

Tajiri wangu alikuwa mtu wa Kisarawe, mwenye duka dogo na lori moja, na lori lenyewe lilinunuliwa baada ya mkewe kukubali shamba lake la minazi liuzwe. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakujua kuendesha. Alikaa kando yangu miaka yote ile ameshika mlango kwa mkono mmoja kana kwamba utamkimbia. Tulichukua chumvi, mafuta ya taa na vitambaa kupeleka Mzenga, tukarudi na mihogo mikavu na korosho. Mara nyingine tulipitiliza hadi Mlandizi na kuingia Dutumi kwa ajili ya mpunga, na huko ndiko kwetu mimi. Njia zote hizo zilikuwa mchanga wakati wa jua na utelezi wakati wa mvua, na matairi yetu membamba yalikuwa yakizama hadi kwenye ekseli. Tulikuwa tukilala njiani siku mbili, tatu, tukikata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu.

Kwa hiyo alinisikiliza, akayanunua. Tukayafunga matairi makubwa, tukakata madigadi yapate nafasi, na safari ya kwanza ya Mzenga tuliupita mchanga kama tunapita barazani. Tajiri alicheka njia nzima.

Ila kulikuwa na jambo, na nililijua tangu mwanzo. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko dogo, na injini ni ile ile. Kwenye tambarare huoni kitu, tena gari linakimbia zaidi. Kwenye mlima pumzi inakatika; kilima cha Kisarawe tulikipanda kwa shida hata siku za jua. Dawa yake iko nyuma, ndani ya difu, mahali ambapo kigurudumu kidogo kiitwacho pinioni kinazungusha gurudumu kubwa la meno. Letu lilikuwa na meno thelathini na saba kwa sita ya pinioni. Ukifunga tairi kubwa huna budi kuongeza meno ya lile gurudumu kubwa, ili injini izunguke zaidi kwa kila mzunguko wa tairi na ipate nguvu ya kulisukuma. Nilimwambia tajiri hivyo. Akasema, "Tutafanya, dereva. Mavuno yapite kwanza." Nami sikumshikilia. Ukweli ni kwamba nilipenda jinsi lori lilivyokuwa likikimbia barabara ya Mlandizi. Madereva wenzangu walikuwa wananipisha.

Mavuno hayakupita. Tulikuwa Mzenga tunapakia mihogo, asubuhi, mvua imenyesha usiku wote, nikamwona tajiri amekaa juu ya gunia amejikunja, jasho linamtiririka na jua bado halijawaka. Nikamuuliza ana nini. Akasema ni ngiri yake ya siku zote, itarudi ndani yenyewe. Baada ya muda mfupi akaanza kutapika. Nikamwingiza kwenye lori, nikawaambia wapakiaji waache, nikaondoka na magunia yaliyokwisha pakiwa.

Mchangani tulipita vizuri. Tope tulipita vizuri. Nilikuwa namwambia, "Bwana, tumekaribia," naye anaitikia kwa kichwa. Kisha tukafika kilima cha kuingilia Kisarawe. Nikatia gia ya kwanza. Lori lilipanda kiasi, likaanza kutetemeka, likazima. Nikarudi nyuma nikajaribu tena, likazima pale pale. Mara ya tatu nikatupa magunia yote kando ya njia, nikakanyaga mafuta na kuishikilia klachi, mpaka moshi ukatoka chini ya miguu yangu na harufu ya klachi iliyoungua ikajaa ndani. Baada ya hapo injini ilinguruma na magurudumu hayakusogea.

Watu wa mashamba ya karibu walitoka. Mama mmoja akatoa kitanda chake cha kamba, tukamlaza tajiri, tukambeba mabegani kwa zamu kupanda kilima kile. Njia ambayo lori lingeipanda kwa dakika chache tuliipanda kwa muda mrefu sana, kwa sababu ya utelezi, na kwa sababu kila tulipotikisika alilia. Hospitali walimpokea, wakampasua siku ile ile. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, akafariki.

Nilishika jeneza, nikatia udongo, nikarudi kwenye chumba changu nikakaa. Watu walikuja kunipa pole. Wakasema nimefanya nilichoweza.

Zilipita kama wiki tatu. Lori lilikwisha vutwa na kuegeshwa mbele ya nyumba ya marehemu, na kaka yake mkubwa alikuwa amesema liuzwe, kwa kuwa mwanamke hawezi kuwa na lori. Ndipo nikaitwa. Aliyekuja kuniita alikuwa shangazi wa marehemu, bibi mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye alikuwa akikaa na mjane kipindi chote cha eda. Akaniambia, "Anataka kusema nawe. Mtasemea kwenye pazia, na mimi nitakuwapo."

Nikaenda. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umetundikwa kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Shangazi akakaa kizingitini na ukili wake wa mkeka, mimi nikakaa ukumbini kwenye kigoda.

"Shikamoo, shangazi," nikaanza.

"Marahaba, baba. Usinisalimie mimi tena, umenisalimia njiani. Sema naye."

Nikatoa pole zangu. Sauti ya mjane ilitoka taratibu nyuma ya kanga. Nilikuwa nimeizoea sauti ile ikicheka na kuamuru wabeba magunia, na sasa ilikuwa ndogo.

"Dereva," akasema, "nataka uniambie wala usinifiche. Watu wananiambia siku zake zilitimia. Hilo nalijua. Nakuuliza habari ya lori. Kwa nini halikupanda?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mvua. Badala yake nikamweleza yote. Nikamwambia kwamba matairi nilimshawishi mimi, kwamba nilijua difu haikuyafaa, kwamba nilinyamaza kwa kupenda mwendo wa kasi. "Kama lingekuwa na matairi yake ya zamani, mchangani tungekwama," nikasema. "Na kama lingekuwa na difu nyingine, mlimani tungepita. Kosa ni langu, bibi."

Shangazi aliacha kusuka.

"Siku nne kabla hamjaondoka," mjane akasema, "alikuwa analala amekunja mguu. Nilimwona. Nikamwambia nenda hospitali. Akasema akirudi. Nikamwacha, kwa sababu nilikuwa nafikiria mihogo iliyolala Mzenga inaota ukungu. Nilifikiria mihogo, dereva."

Nikasikia analia. Nami nililia, nimeinama, natazama sakafu. Nadhani tulikaa hivyo mpaka shangazi akajipangusa uso kwa ncha ya kanga na kusema, "Haya. Kila mtu amesema lake, na Mungu amesikia. Sasa semeni habari ya gari, maana yule kaka mtu anakuja Ijumaa na mnunuzi."

Mjane hakutaka kuuza. Alisema lori ni shamba lake la minazi lenye magurudumu, na kwamba watu wa Mzenga wanabeba mizigo kichwani tangu tulipoacha kwenda. Akaniuliza linahitaji nini. Nikamwambia klachi mpya, na difu. Akasema nikatafute.

Nikashuka Dar es Salaam kwa fundi mmoja Singasinga, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa na vyuma vya magari ya jeshi vimejaa uani hadi ukutani. Nikamweleza. Akaingia kwenye chungu ya vyuma akatoka na jozi mbili za meno zimepakwa grisi.

"Hii arobaini na tatu kwa sita," akasema. "Hii arobaini na saba kwa sita. Wewe chukua arobaini na tatu. Watu wote napenda hii. Panda mlima kidogo, kimbia barabara kidogo. Arobaini na saba nguvu nyingi, lakini gari yako itakwenda kama zamani tu, na injini napiga kelele barabara nzima."

Maneno yake yalinifurahisha kuliko yalivyopasa. Nikarudi Kisarawe nimekwisha amua.

Shangazi akanikalisha tena kwenye kigoda. Nikamweleza mjane meno ya zamani na zile jozi mbili, nikamsifia ile ya arobaini na tatu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tairi la zamani bado lipo?" akauliza.

"Lipo moja, uani."

"Basi chukua kamba mbili. Moja izungushe tairi la zamani, ukate inapokutana. Nyingine zungusha kubwa, ukate. Niletee."

Sikujua anataka nini, lakini nikafanya. Shangazi akazipokea kamba akazipitisha chini ya pazia. Mjane alikuwa msukaji wa mikeka, alijulikana Kisarawe nzima kwa kazi hiyo, na mikono yake ilikuwa imezoea kupima kitu kwa kitu. Nilimsikia akinyoosha kamba sakafuni, akiikunja, akihesabu kwa sauti ya chini. Akamwita shangazi ashike ncha.

"Fupi nimeikunja vipande vinne sawa," akasema mwishowe. "Ndefu imezidi kwa kipande kimoja, na nusu ya upana wa kidole. Kwa hiyo tairi hili kubwa ni lile la zamani na robo yake juu. Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi."

"Na meno ya zamani ni thelathini na saba. Robo yake ni ngapi?"

Nikahesabu. "Tisa na kitu."

"Thelathini na saba na tisa."

"Arobaini na sita," nikasema.

"Na kile kitu kilichobaki, pamoja na nusu ya upana wa kidole, ndicho kinatufikisha arobaini na saba. Sasa kwa nini unaniambia arobaini na tatu?"

Shangazi alinitazama. Nilijitetea. Nikasema fundi ni mjuzi, nikasema barabara ya Mlandizi ni ndefu, tutachelewa, petroli itakwenda nyingi, wenzetu watatupita. Hayo yote yalikuwa kweli. Mjane akaniacha nimalize.

"Wakitupita, nani ataumia?"

"Hakuna. Mimi nitaona haya tu."

"Na likipanda kidogo, kama alivyosema fundi, halafu siku ya mvua lisipande?"

Nikaikumbuka harufu ya klachi ile.

"Lete arobaini na saba," akasema. Kisha, kwa upole ambao sikuustahili, akaongeza, "Mimi sijui kuendesha, dereva. Wewe ndiye utakayekaa nalo njiani. Kama ukiniambia moyo wako haukubali, sema sasa, tutafikiri tena."

Nikasema moyo wangu umekubali.

Ijumaa kaka wa marehemu alikuja na mnunuzi, akaambiwa na shangazi hapo hapo barazani kwamba lori haliuzwi. Yalitoka maneno makali. Shangazi alimkumbusha ni nani aliyemlea marehemu baada ya mama yao kufa, na nani aliyewatahirisha, na baada ya hapo kaka mtu akaondoka akisema tutamwona. Mnunuzi alibaki kidogo, akanywa maji, akaomba radhi na kwenda zake.

Fundi alipanda Kisarawe mwenyewe na wapwa zake wawili, watu wazima, na tulifanya kazi siku mbili mbele ya nyumba. Kutoa difu si kazi. Kazi ni kuiweka mpya ikae. Meno yakisogeana mno yanasagana, yakiachana mno yanagonga. Fundi alipaka meno rangi nyekundu, akazungusha, akatazama rangi ilipofutika, akaweka kipande chembamba cha bati, akazungusha tena. Mara kumi, mara ishirini. Alikuwa na subira kubwa. Nilipomweleza jinsi mjane alivyopima kwa kamba, alivua miwani akaipangusa. "Huyu mama," akasema, "mimi napa yeye kazi. Mimi nasema arobaini na tatu kwa sababu madereva napenda arobaini na tatu. Hakuna mtu nauliza mimi ipi sawa."

Safari ya kwanza nilikwenda na mpakiaji mmoja tu. Mzenga walitupokea kwa vigelegele, halafu wakakumbuka, wakanyamaza, wazee wakasoma fatiha ya marehemu pale pale kwenye magunia. Tulipakia mpaka nikasema inatosha. Mvua ilikuwa inanyesha. Sikuomba iwe hivyo.

Nilipoiona ile sehemu ya kilima, niliushika usukani kwa mikono miwili. Mpakiaji alikuwa akiongea habari za mkwewe, nikamwambia anyamaze. Nikatia gia ya pili, lori likapanda. Katikati likapunguza, nikatia ya kwanza, na nikaisikia injini ikikaza sauti bila kutetemeka, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na anajua ziko ngapi. Tulipita mahali tulipomshusha. Tulifika juu. Nikasimamisha gari kando, nikashuka. Nilikaa kwenye maji ya mvua nimeegemea tairi, na mpakiaji, maskini, hakujua afanye nini, akaja kukaa nami kwenye maji.

Jioni nikaenda kwenye pazia.

"Lilisimama?" mjane akauliza.

"Halikusimama, bibi."

Akamwambia shangazi aniletee chai.

Barabara ya Mlandizi nilidhihakiwa, kama nilivyojua. Madereva walionipisha zamani sasa walinipita wakipiga honi na kuuliza kama nimebeba mayai. Ilinichoma mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili mvua kubwa ilijaza maji bonde la Dutumi, na kwenye lile tope jeusi niliyakuta malori matatu ya wale wale yamezama, wenyewe wamekaa juu ya mizigo. Niliyavuta moja moja kwa mnyororo mpaka pagumu. Sikusema neno, ingawa nilikuwa nayo mengi mdomoni. Mmoja wao alinipa kuku.

Eda ilipokwisha, mjane alitoka, akaoga, akavaa kanga mpya, na wiki iliyofuata akasema anataka kwenda Mzenga. Shangazi naye akataka. Wakakaa wote wawili kando yangu. Nilikuwa sijamwona uso tangu mazishi, na niliona amekonda, na nywele za mbele zimeingia mvi. Tukashuka kilima. Nilimwonyesha mahali bila kusema, akatazama mpaka tulipopita. Shangazi alikuwa amefumba macho kwa hofu ya mteremko, akisoma kila dua aliyoijua, na alipofika mwisho wa alizojua akaanza tena na kuzichanganya. Mjane alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanishika bega kwa kusahau, halafu akaondoa mkono haraka, na sote watatu tukawa tunacheka, shangazi akitutukana bila kufumbua macho.

Mjane aliendesha biashara ile miaka sita. Aliolewa tena na mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka Mlandizi, mtu mtaratibu, na kaka wa marehemu alikuja harusini, akala, akapatana na shangazi. Injini ilipoanza kuchoka, lori lilinunuliwa na mtu mmoja aliyekuwa akikata magogo kwenye msitu wa Sofu. Mimi ndiye niliyelipeleka. Alilizunguka, akapiga teke matairi, akaniuliza kwenye tambarare linakwenda kasi gani. Nikamwambia ukweli. Akakunja uso, akasema atatafuta fundi ambadilishie difu. Nikamkabidhi ufunguo, nikamweleza kwa nini asiibadilishe, kila kitu, tangu mwanzo, na alinisikiliza muda wote aliokuwa akivuta sigara yake. Sikupata kujua alifanya nini. Nilirudi Kisarawe kwa miguu hadi barabarani, kisha kwa gari la mtu.